Safu ya Ushauri: Picha zangu za kaa zinatoka kama za pasipoti

Wahariri, habari za kazi.

Nina studio ndogo hapa Mikindani, Mtwara. Napiga picha za pasipoti, za vitambulisho vya wanafunzi, na harusi zikitokea. Tangu mwaka jana, kila Jumapili nashuka matopeni penye mikoko kupiga picha za ndege na za wale kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa. Nina kamera ya sensa ndogo (APS-C), lenzi ya 18-55, lenzi ya 70-300, na flashi ya harusini.

Nimeshapiga picha zaidi ya 4,000. Kaa anaonekana vizuri, rangi zipo, fokasi ipo, lakini picha haisemi kitu. Watu wanaitazama, wanasema "nzuri", wanapita. Isitoshe, nikifika saa nne asubuhi maji yakiwa yametoka, picha zinakuwa nyeupe na tope linang'aa kama bati.

Nauliza mambo manne. Kosa langu ni nini? Ninunue lenzi ya 150-600? Mvuvi mmoja amejitolea kunifungia kaa kwa uzi ili asikimbie, je, ni sawa? Na nikienda Msimbati kupiga vifaranga vya kasa usiku, nitumie flashi hii niliyonayo?

Mpiga picha wa harusi, Mikindani

JIBU

Dada yetu, tuanze na kazi yako, maana jibu limo humo. Harusini humsimamishi bibi harusi ukutani ukapiga moja ukaenda zako. Unapiga hina inavyokauka mikononi, viatu vilivyorundikana mlangoni wakati wa nikaha, masufuria ya biriani nyuma ya nyumba, mama mtu akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Shangazi aliyebaki Songea akifunua albamu anajua kilichotokea bila kusimuliwa. Matopeni unakwenda na akili ile nyingine, ya pasipoti: mhusika katikati, uso mbele, nyuma pasiwe na kitu. Picha ya pasipoti inajibu swali moja tu, huyu ni nani. Picha yenye kisa inajibu anataka nini, na nini kinamzuia. Mfanyie kaa kama unavyomfanyia bibi harusi.

Ili uweze, lazima ujue shughuli yake. Maji yakitoka, kaa ana saa chache za kula, kutafuta mwenza, kugombea shimo na kukwepa mdomo wa ndege kabla maji hayajarudi. Dume hali kwa gando lile kubwa, hawezi. Anachota tope kwa gando dogo, anachuja chakula mdomoni, kisha anatema kidonge cha tope kilichokwisha kuchujwa. Ndivyo vile vidonge unavyoviona vimetapakaa kuzunguka shimo. Jike ana magando mawili madogo na anakula kwa yote mawili, mkono huu ukishuka huu unapanda. Gando kubwa la dume ni la kupunga ili jike amwone, na la kupigana na dume mwenzake. Kwa hiyo dume anabeba silaha inayompunguzia nusu ya mikono ya kulia chakula. Hicho peke yake ni kisa, na kinaweza kuingia kwenye fremu moja: jike mbele anakula kwa mikono miwili, dume nyuma yake amenyanyua gando, mkono mdogo uko mdomoni.

Picha hiyo huipati ukiwa umesimama. Macho ya kaa huyu yako juu ya vijiti, na kitu chochote kinachosogea juu ya usawa wa macho yake anakichukulia kuwa ni adui. Mtu aliyesimama mita kumi kutoka kwake anamtisha kuliko mtu aliyelala kifudifudi mita mbili. Kwa hiyo chagua eneo lenye mashimo mengi, lenye upana wa mkeka mmoja, fika kabla kaa hawajatoka au kubali kwamba watakimbia, kisha lala. Tandika turubai au gunia la plastiki. Jaza mchanga nusu kwenye kiroba cha kilo tano, kifunge, laza lenzi juu yake. Mhimili huo unatulia kuliko stendi ya miguu mitatu inayozama topeni. Usisogeze mikono. Mpe kaa dakika kumi. Wadogo hutangulia kutoka, madume makubwa huja mwisho, na wapigaji wengi huondoka wakati huohuo wa kungoja wakubwa.

Fokasi iwe kwenye macho yale ya vijiti, si kwenye gando. Kwa lenzi ya 70-300 ukiwa kama mita moja na nusu, anza na f/8 (upana wa tundu la lenzi) ili mwili na gando viwe ndani ya ukali, spidi ya shata 1/800 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iachie ipande hadi 1600. Anapunga kwa mpigo unaojirudia, kwa hiyo hesabu mipigo miwili mitatu bila kupiga, halafu bonyeza mfululizo gando linapoanza kunyanyuka. Ukisubiri uone limefika juu ndipo ubonyeze, umechelewa. Acha nafasi upande anaopungia. Ukimbana katikati ya fremu, huko anakoita kunakatika, na kisa kinakatika nacho.

Sasa ile saa nne. Unaenda Jumapili, bahari haijui Jumapili. Pwani yetu wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa tayari limepanda. Mwanga unatoka juu, kivuli kinajificha chini ya kaa, tope lenye maji linarudisha mng'ao moja kwa moja kwenye lenzi. Hapo hata kamera ya bei mara kumi ingekupa weupe uleule. Kila siku maji hukawia kwa wastani wa dakika 50 hivi, ndiyo maana unaweza kupanga. Hesabu kwa mwezi mwandamo: karibu na tarehe 10 hadi 12, na tena 25 hadi 27, maji hukauka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Karibu na tarehe 7 na 8, na 22 na 23, yanakauka jioni, kwenye saa kumi na moja. Hayo ya jioni ni maji mafu, hayatoki mbali, lakini kaa wako wa pembeni mwa mikoko hawahitaji yatoke mbali. Hakikisha kwa jedwali la maji la bandari ya Mtwara au kwa wavuvi kabla ya kufunga safari, maana upepo husogeza mambo. Na asubuhi yenye ubaridi, kama ya Julai, kaa hukawia kutoka mpaka tope lipate joto kidogo. Miezi hiyo jioni ina faida zaidi.

Angalia pia umekaa upande gani. Kwenye ufukwe unaotazama mashariki, asubuhi ukiangalia baharini jua liko nyuma ya kaa. Linamchorea mstari wa mwanga mgongoni, na vidonge vya tope vinapata vivuli virefu. Punguza mwanga hatua moja (yaani kwa nusu) kwa kitufe cha +/- ili mng'ao wa maji usiungue. Jioni ukitazama baharini jua liko mgongoni mwako, rangi zinatoka safi, ila kivuli chako kinaweza kumfikia kaa kabla yako. Keti upande kidogo.

Kuanzia kama saa tatu asubuhi kuna tatizo jingine ambalo watu hulilaumu lenzi. Tope na mchanga vikipata moto, hewa ya juu yake inacheza kwa sababu ya joto, ndege aliye mita 60 anatoka kama amepigwa kupitia maji. Hakuna spidi ya shata inayoponya hilo, wala lenzi. Sogea karibu au rudi mapema.

Hapo ndipo tunafika kwenye lenzi ya 150-600. Usinunue, angalau si kwa kazi hii. Lenzi nyingi za namna hiyo hazishiki fokasi chini ya mita mbili na ushee, wakati 70-300 yako inakaribia zaidi, na kwa kaa ukaribu ndio unaojaza fremu. Zaidi ya hapo, lenzi ndefu inafuta mahali. Mikoko inageuka ukungu wa kijani, na mtu haambiwi kama huyu ni kaa wa Mikindani au wa kwingineko. Lenzi utakayoona imekufungua macho ni ile ya 18-55 unayoiacha kwenye begi.

Fanya hivi. Weka kamera juu ya kiroba, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shimo lenye vidonge vipya, lenzi ikiwa 18, f/11. Weka fokasi kwa mkono kwenye ukingo wa shimo, kisha uzime fokasi ya kujiendesha ili isihangaike. Rudi nyuma hatua kumi na rimoti au programu ya simu ukakae chini. Kaa atakapotoka atakuwa mbele ya fremu, na nyuma yake kutakuwa na kila kinachomhusu: mizizi ya mikoko, mtumbwi uliolala ubavu, akina mama wanaookota chaza wakiharakisha kabla maji hayajajaa. Wao na kaa wanafukuzana na saa ileile moja, na hilo linaonekana lenyewe. Akina mama waombe ruhusa kabla, si baada. Waoneshe picha kwenye kioo cha kamera, na nakala za kuchapa uwapelekee, printa unayo.

Mahali nako kuna uso wake, tusipafanye pazia. Mkoko wenye mizizi ya kupinda kama miguu ya buibui ni tofauti na mchu, ambao mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni kama penseli zilizosimamishwa. Geuza jani la mchu uangalie chini yake siku isiyo na mvua: utaona punje za chumvi, mti umeitema. Ukililamba utajua. Piga hilo jani kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni ili punje zing'ae. Katika albamu ya harusi hiyo ndiyo picha ya hina mkononi.

Adui naye ana zamu yake. Kuanzia kama Septemba hadi Aprili ufukwe wetu una ndege wahamiaji, vitwitwi wengine wakitoka kuzaliana mbali kama Siberia. Kwa kisa chako mtafute sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini kama mundu. Mdomo huo unaingia kwenye shimo la kaa. Usimfukuze kwa kumfuata nyuma. Atakwenda mbele yako ufukwe mzima na hutapata zaidi ya mgongo. Maji yanapoanza kujaa, ndege wote wanasukumwa kuelekea nchi kavu. Tangulia, lala juu ya mstari wa maji, wakufikie wao. Spidi ya shata isishuke chini ya 1/1000 akitembea na 1/2000 akiruka. Yangeyange mweupe mbele ya mikoko yenye giza utampunguzia hatua moja, la sivyo manyoya yatakuwa karatasi tupu. Ndege mweusi mbele ya anga utamwongezea hatua moja.

Kuhusu uzi wa mvuvi: hapana, na umshukuru kwa moyo wake. Kaa aliyefungwa hali, hapungi, hatemi vidonge. Ananyanyua magando kujihami na kubana miguu, na mtu yeyote aliyewahi kukaa matopeni anaona mara moja kwamba huyu ameshikwa. Utakuwa umetengeneza picha ya hofu ukaipa jina la maisha. Hali kadhalika usikate majani kuzunguka kiota ili ndege aonekane vizuri. Jua linaingia kwa makinda, na kunguru naye anaingia. Huyo mvuvi mtumie kwa kitu kikubwa zaidi: anajua mkondo upi ndege hulala, na tope lipi linameza mguu hadi pajani.

Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kwanza pita kwenye ofisi ya hifadhi, lipia kiingilio, na waeleze unataka kupiga nini. Flashi iache nyumbani. Vifaranga vya kasa hutoka kiotani usiku mara nyingi, na hujua bahari iko wapi kwa kufuata upande wenye mwanga zaidi kwenye upeo. Flashi inawapumbaza, tochi ya simu inawavuta nchi kavu, na huko wanasubiriwa na kaa, mbwa na jua la asubuhi. Kasa mama anayepanda kutaga naye akishtushwa na mwanga anaweza kugeuka kurudi majini bila kutaga.

Nenda alfajiri badala ya usiku. Kabla nyayo za watu hazijaanza, kasa mama ameacha mchoro wa safari yake kwenye mchanga. Kasa wa kawaida hukokota miguu ya mbele yote miwili kwa pamoja, mchoro unakuwa na alama zinazolingana kushoto na kulia, upana wake kama mita moja. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, hupishanisha, na mchoro wake ni mwembamba zaidi, kama sentimita 70. Jua likiwa chini kabisa, kila alama inajaa kivuli. Pata mahali pa juu kidogo, lenzi ya 18, mchoro uanzie kwenye kona ya chini ya fremu, upande hadi kwenye shimo, na ule wa kurudi uishie kwenye mawimbi. Kasa hayupo pichani na kisa kizima kipo. Usikanyage mchoro kabla walinzi wa viota hawajaukagua, maana ndio unaowaonesha kiota kilipo. Wakati mwingine, siku chache baada ya vifaranga kutoka, walinzi hufukua kiota mchana kuhesabu maganda na huwakuta waliochelewa. Omba uarifiwe siku hiyo, ndipo utakapopata vifaranga kwa mwanga wa jua bila kumdhuru yeyote. Ukirusha picha mtandaoni, taja Msimbati, usitaje mahali kilipo kiota, na ufute alama za GPS kwenye faili.

Ukisha kukusanya, kazi ya kuchagua ndiyo inayowashinda wengi, na wewe una picha 4,000. Chapa 40 ndogo za bei rahisi, zitandaze kwenye mkeka sakafuni. Tafuta mbili zinazosema jambo lilelile, ondoa moja, hata kama ina rangi nzuri. Endelea mpaka zibaki saba au nane na kila moja ikiondolewa uone pengo. Ya kwanza iwe ya mahali. Ya mwisho itafute kwa makusudi, kwa sababu haijitokezi: maji yanaporudi kaa huingia na kuziba mlango wa shimo kwa tope. Inachukua muda mfupi sana. Mlenge dume mmoja dakika 20 kabla maji hayajamfikia, usimwachie jicho, kamera ikiwa tayari kwenye mfululizo. Halafu piga palepale tena maji yakishafunika, bila kusogeza kiroba, ili mtazamaji aone ni mahali pamoja.

Chini ya kila picha andika mahali, mwezi na mwaka, maji yalikuwa yanatoka au yanajaa, na kitendo. "Dume akipunga gando, Mikindani, maji yakitoka" inatosha. Usimwandikie kaa mawazo ya binadamu.

Zile pesa za lenzi, chukua sehemu ndogo ununue rimoti, filta ya polaraiza ya kukata mng'ao wa tope (itakula mwanga hatua moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo pandisha ISO), na kopo kubwa la plastiki linalofunga kabisa pamoja na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu. Hapo kamera ilale, kwa maana unyevu wa pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu ikishachora kioo kusafisha hakurudishi kioo kama kilivyokuwa. Usitumie mchele badala ya silika, vumbi lake linaingia kwenye pete za lenzi. Kama studio yako ina kiyoyozi, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka nje, uiache humo dakika 20 hadi 30 ipate joto. Umande utashika mfuko badala ya kioo. Na ukirudi kutoka baharini usifute chumvi kwa kitambaa kikavu, punje zake zinakwaruza. Lowesha kitambaa laini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kamua, pitisha kwanza mwilini mwa kamera, kisha kingine safi kwenye kioo cha mbele, na pete ya lenzi umalizie kwa brashi.